Bwawa la chumvi au bwawa la klorini? Historia ambayo muuzaji hakusimulii

SEHEMU YA 1 KATI YA 7: Swali lenyewe

Mfululizo huu una sehemu saba na nimeziweka zote kwa pamoja ili usisubiri kesho. Soma taratibu, mtoto akishalala.

Siku hizi napata sana ujumbe wa aina moja. Familia imejenga, mambo yamekaa sawa, sasa wanataka kuweka bwawa dogo la kuogelea uani. Au wanahamia nyumba ya kupanga yenye bwawa la pamoja. Fundi anawaambia: "Chukueni la chumvi. Halina klorini, halina kemikali, ni kama bahari tu. Watoto wanaoga salama." Mama ana mtoto wa miaka miwili mwenye ngozi inayowasha, anasikia "halina kemikali", moyo unatulia. Pesa inatoka.

Nitoe jibu mapema, maana najua wengine mtaishia hapa hapa. Bwawa la chumvi NI bwawa la klorini. Tofauti ni moja: kwenye bwawa la kawaida klorini inanunuliwa dukani na kumiminwa kwa mkono, kwenye bwawa la chumvi klorini inatengenezwa pale pale na mashine, kwa kutumia chumvi na umeme. Inayoua vijidudu mwishoni ni ile ile.

Kwa nini hili ni la nesi na si la fundi bomba? Kwa sababu mzazi akiamini bwawa lake halina klorini, hapimi maji. Asipopima, siku mashine imekufa hajui. Maji yanang'aa, mtoto anaruka ndani, anameza funda mbili tatu, na baada ya siku chache anaharisha. Hapo ndipo sisi tunakutana naye.

Lakini nikikwambia tu "klorini ni nzuri" utaniona nasema kama tangazo. Nataka ujue hii kitu imetoka wapi, nani aliipigania, na kwa nini kila kizazi cha wazazi kimeiogopa. Historia yake inaanzia mbali na mabwawa, na inatuhusu sisi kina mama kuliko unavyodhani.

SEHEMU YA 2 KATI YA 7: Wodi mbili za Vienna

Klorini ilitolewa kwanza na mtu wa dawa wa Sweden, Carl Wilhelm Scheele, mwaka 1774. Alipata hewa ya rangi ya kijani-manjano yenye harufu kali ya kukaba, akaona inafuta rangi ya majani na maua. Mwaka 1810 Humphry Davy wa Uingereza akaeleza kwamba kumbe ni elementi yenyewe, akaipa jina kutoka neno la Kigiriki la rangi hiyo ya kijani kibichi.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufua. Huko Ufaransa walitengeneza maji ya kung'arisha vitambaa kwenye kijiji cha Javel, pembeni mwa Paris. Ndiyo maana mpaka leo ndugu zetu wa Kongo, Burundi na Rwanda wanasema "javeli" pale sisi tunaposema "jiki". Mwaka 1799 Charles Tennant wa Scotland akapata hati ya kutengeneza unga wake, kwa kupitisha klorini kwenye chokaa. Unga unasafirishwa kirahisi, ukasambaa viwandani.

Sasa twende wodini. Vienna, mwaka 1847. Hospitali kuu ya mji ule ilikuwa na wodi mbili za kujifungulia. Moja ilikuwa ya madaktari na wanafunzi wao, nyingine ya wakunga. Kwenye ile ya madaktari, mwaka 1846, kina mama zaidi ya 11 katika kila 100 walikufa kwa homa ya uzazi. Kwenye ile ya wakunga walikufa chini ya 3. Wanawake wa mji walijua. Walikuwa wanapiga magoti kuomba wasipelekwe wodi ya kwanza, na wengine waliona heri wajifungulie njiani.

Daktari mmoja kijana, Ignaz Semmelweis, aliumia na jambo hili. Rafiki yake daktari alikatwa na kisu cha kupasulia maiti, akafa kwa dalili zinazofanana na za wale kina mama. Semmelweis akaunganisha mambo: madaktari wanatoka kupasua maiti asubuhi, wanakwenda moja kwa moja kumpima mama anayejifungua. Wakunga hawapasui maiti. Kumbe mikono ndiyo inabeba.

Akachagua maji ya unga wa klorini, kwa sababu yaliondoa ile harufu ya maiti vidoleni kuliko sabuni. Mei 1847 akaweka beseni mlangoni: hakuna kumgusa mama kabla hujanawa humo. Aprili mwaka ule walikuwa wamekufa kina mama zaidi ya 18 katika kila 100. Juni walikufa kama 2. Haikubadilishwa dawa, wala kitanda, wala chakula. Ni beseni la klorini tu.

Unafikiri walimshangilia? Wakubwa wengi hawakutaka kusikia kwamba mikono yao iliua. Kazi yake Vienna haikuendelea, akarudi kwao Hungary, na mwaka 1865 akafia kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili. Sisi tunaofanya kazi leba tunamkumbuka kila tukisimama kwenye sinki.

Shika neno moja hapa: klorini ilitumika mlangoni mwa wodi ya wazazi, kabla haijafika kwenye bwawa lolote.

SEHEMU YA 3 KATI YA 7: Napi za London, kipindupindu cha Zanzibar, na bomba la Jersey City

Mwishoni mwa Agosti 1854, London, mtaa wa Broad Street. Kitoto kichanga cha miezi mitano kinaharisha vibaya. Mama yake anafanya kile ambacho kila mama angefanya: anaziloweka nepi, anazifua, maji machafu anayamwaga kwenye shimo mbele ya nyumba. Shimo lile lilikuwa limechakaa, na pembeni yake kabisa kulikuwa na kisima cha mtaa mzima. Kilikuwa kipindupindu. Mlipuko ule uliua zaidi ya watu 600.

Daktari John Snow alifuatilia vifo, akaona vimezunguka pampu moja, akawashawishi wakubwa wa mtaa waondoe mpini wake. Padri mmoja wa pale, Henry Whitehead, ndiye aliyefuatilia nyumba kwa nyumba mpaka akafika kwa mama wa yule mtoto. Napi moja ya mtoto mmoja, maji yanayotumiwa na wengi. Hilo ukilielewa, umeelewa nusu ya somo la mabwawa.

Na msidhani ni habari za Wazungu tu. Kipindupindu kilifika Zanzibar mwaka 1869 na kuendelea 1870, kikaua watu wengi sana. Daktari James Christie, aliyekuwa anafanya kazi pale mjini, aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1876. Alionyesha jinsi ugonjwa ulivyofuata njia za misafara ya biashara kutoka bara, ukapita nchi ya Wamasai, ukashuka Pangani, ukavuka bahari mpaka Unguja. Watu walitembea, na ugonjwa ukatembea nao, kisima kwa kisima.

Klorini kwenye maji ya kunywa ilianza kwa dharura. Mwaka 1897 mji wa Maidstone, Uingereza, ulipata mlipuko wa homa ya matumbo, wakasafisha mabomba kwa unga wa klorini. Mwaka 1905 mji wa Lincoln nao ukaugua, wakaanza kutia klorini kwenye maji mfululizo. Ila yote hayo yalikuwa ya kuzima moto, ugonjwa umeshaingia.

Mmoja wa waliothubutu kuitia kabla ya watu kuugua alikuwa John Leal, daktari wa Marekani. Kampuni ya maji ya Jersey City ilikuwa na kesi mahakamani na mji kuhusu usafi wa maji. Leal, bila kuomba ruhusa kwa mtu, akasimamia ujenzi wa kituo kidogo cha kutia klorini kwenye bwawa la Boonton, na tarehe 26 Septemba 1908 wakakifungulia. Kipimo kilikuwa kidogo mno, lakini maji yale yalikunywewa na mji mzima.

Watu walikasirika. Eti anatia sumu kwenye maji yetu! Mahakamani aliulizwa kama yeye mwenyewe anayanywa, na kama angempa mkewe na watoto. Akasema ndiyo. Mwisho mahakama ikaikubali njia yake. Ndani ya miaka michache miji mingi ya Marekani ikafuata, na homa ya matumbo ikaanza kushuka.

Angalieni swali alilopewa. Hawakumbana kwa hesabu za maabara. Walimuuliza: je, ungempa mwanao? Ndilo swali mnaloniuliza leo kuhusu bwawa.

SEHEMU YA 4 KATI YA 7: Bwawa linaloogewa Jumatatu na bwawa linaloogewa Jumamosi

Sasa tufike kwenye mabwawa yenyewe.

Uingereza ilipitisha sheria ya mabafu na nyumba za kufulia mwaka 1846, miji ikaanza kujenga mabwawa ya umma. Hayakuwa na dawa wala chujio. Yalijazwa, yakaogewa siku kadhaa, yakamwagwa, yakajazwa tena. Sehemu nyingi bei ilipangwa kwa usafi: siku maji ni mapya ulilipa zaidi, na kadiri siku zilivyokwenda bei ilishuka. Mwenye kipato kidogo aliogelea kwenye maji ya watu wote waliomtangulia wiki nzima. Watoto wake pia.

Huko Marekani, karibu mwaka 1910, Chuo Kikuu cha Brown kilijaribu kutia unga wa klorini kwenye bwawa lake la ndani. Maji yakapimwa, bakteria wakapungua vibaya sana. Kutoka hapo njia ikasambaa: chujio la kuondoa uchafu unaoonekana, klorini ya kuua usioonekana. Mtoto wa maskini na wa tajiri wakaanza kuogelea kwenye maji yale yale Jumatatu na Jumamosi.

Lakini hofu haikwisha, na ilikuwa na sababu. Tarehe 22 Aprili 1915, huko Ypres, Ubelgiji, jeshi la Ujerumani lilifungulia mitungi ya hewa ya klorini, upepo ukaipeleka kwa adui. Askari walikufa wakikabwa na mapafu yao wenyewe. Klorini hiyo hiyo ya beseni la Semmelweis. Ndiyo ukweli wake: ikiwa kidogo ndani ya maji inalinda, ikiwa nyingi hewani inaua. Tutarudi kwenye hili tukizungumza stoo yako.

Halafu ikaja polio. Miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950, kila kiangazi wazazi wa Marekani waliishi kwa hofu, na miji mingi ilifunga mabwawa. Chanjo ya Jonas Salk ilitangazwa kuwa salama na inafanya kazi tarehe 12 Aprili 1955, na hofu ile ikaanza kuondoka. Mama unayeleta mtoto kliniki apate matone na sindano ya polio, wewe ni sehemu ya mwendelezo huo.

Ile harufu sasa. Mnasema "leo bwawa limezidishwa klorini, macho mekundu, kifua kinabana". Mara nyingi ni kinyume. Klorini safi kwa kipimo chake hainuki sana. Ikikutana na mkojo, jasho na mafuta ya ngozi inabadilika kuwa kloramini, na hizo ndizo zinazonuka, kuchoma macho na kusumbua watoto wenye pumu, hasa kwenye mabwawa ya ndani yasiyo na hewa. Harufu kali maana yake klorini imechoka kwa kupambana na uchafu. Dawa yake ni watu kuoga kwa sabuni kabla ya kuingia, watoto kupelekwa chooni mara kwa mara, na maji kupimwa.

Na hii itatokea kwenye bwawa la chumvi vile vile. Mkojo hauulizi klorini imetoka wapi.

SEHEMU YA 5 KATI YA 7: Chumvi na umeme

Wazo la kutoa klorini kwenye chumvi kwa umeme si la kisasa hata kidogo. Chumvi ya mezani ni sodiamu na klorini zilizoshikana. Betri ya kwanza ya Volta ilipotangazwa mwaka 1800, mwaka huo huo William Cruickshank wa Uingereza alipitisha umeme kwenye maji ya chumvi akapata klorini. Michael Faraday akaja kuupa mchakato huo jina la elektrolisisi mwaka 1834. Miaka ya 1890 ukawa kiwanda: Hamilton Castner na Karl Kellner, kila mmoja kwa njia yake, walibuni mitambo ya kupasua maji ya chumvi kwa umeme.

Kwa hiyo, shoga yangu, hata ile jiki iliyoko chini ya sinki lako ilianza kama chumvi. Unga wa bwawa nao ulianza kama chumvi. Mwenye bwawa la klorini ananunua chumvi iliyopasuliwa kiwandani. Mwenye bwawa la chumvi anapasua mwenyewe nyumbani. Basi.

Kilichochelewesha ni sahani za ndani ya mashine. Klorini inakula chuma. Miaka ya 1960 zilipatikana sahani za titani zilizopakwa madini ya kudumu, zikaweza kuvumilia. Miaka hiyo ya 1960 na 1970 mashine za nyumbani zikashika kasi Australia na New Zealand, nchi za jua kali na mabwawa mengi ya uani. Kutoka huko zikaenea duniani, mpaka hoteli zetu za pwani, na sasa uani kwenu.

Inavyofanya kazi: maji yanavutwa na pampu, yanapita kwenye chujio, yanapita katikati ya sahani zenye umeme. Chumvi inapasuka, klorini inazaliwa, inarudi bwawani inaua vijidudu, kisha inarudia kuwa chumvi tena. Ndiyo maana chumvi haiishi haraka. Inayopotea ni ile inayoruka na maji, inayotoka ukisafisha chujio, na inayofurika mvua za masika zikijaza bwawa.

Kuhusu "ni kama bahari": hapana. Bahari ina kama gramu 35 za chumvi kwa lita. Bwawa la chumvi kwa kawaida linahitaji kama gramu 3. Machozi ya mtoto wako yana chumvi zaidi ya hapo, kama gramu 9. Chukua bwawa la mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita 1.5. Hizo ni lita 48,000. Chumvi ya kuanzia ni kama kilo 144, yaani karibu mifuko mitatu ya kilo 50. Ingekuwa bahari ungehitaji tani moja na zaidi ya nusu.

Gramu 3 kwa lita hazitoshi kuua kijidudu chochote cha maana. Mashine ikizima, ulichobaki nacho ni maji yenye chumvi kidogo na watoto ndani.

SEHEMU YA 6 KATI YA 7: Basi nichague lipi?

Sisemi la chumvi ni baya. Lina mazuri yake ya kweli. Klorini inatoka kidogo kidogo siku nzima badala ya kumiminwa nyingi kwa mpigo, hivyo maji hayapandi na kushuka sana. Wengi wanasema ni laini kwa ngozi na macho. Na kubwa kwangu kama nesi: unapunguza madumu na ndoo za kemikali kali nyumbani kwenye watoto wadogo. Hilo si dogo.

Mabaya yake nayo usifichwe:

Gharama ya mwanzo ni kubwa, na sahani za mashine zinachakaa. Baada ya miaka kadhaa unanunua nyingine, nazo si rahisi. Omba bei yake kwa maandishi kabla hujalipa, na uliza nani hapa mjini anaitengeneza.

Inategemea umeme. Pampu isipozunguka hakuna klorini. Kwetu huku umeme ukikatika siku nzima jua likiwaka, klorini iliyobaki inaliwa na jua, jioni watoto wanaruka kwenye maji yasiyo na ulinzi. Kwa hiyo hata mwenye bwawa la chumvi lazima awe na klorini ya akiba. "Halina kemikali" imeishia hapo.

Chumvi inakula. Ngazi za chuma, taa, baadhi ya mawe ya pembeni. Maji ya kusafishia chujio ukiyamwaga kwenye bustani, mimea inakauka.

pH inapenda kupanda. Mashine ya chumvi inasukuma maji kuelekea unyevu wa sabuni, unahitaji asidi kuyarudisha. Na pH ndiyo inayoamua klorini ina nguvu kiasi gani. Kwenye 7.5 karibu nusu ya klorini ndiyo yenye nguvu. Ikifika 8 inabaki kama robo. Klorini ipo, kipimo kinaonyesha ipo, ila imelala.

Bwawa la klorini la kawaida nalo: la kuanzia ni nafuu, linavumilia umeme kukatika kwa sababu unaweza kutia kwa mkono, na kila fundi analijua. Lakini linataka nidhamu ya kila siku, na linataka stoo yenye kufuli. Vidonge vyenye kinga-jua vikitumika miaka bila kubadilisha maji, kinga-jua inajazana na kuifanya klorini izembee.

Kwa hiyo swali langu kwako haliko kwenye ngozi ya mtoto. Nauliza: nani nyumbani kwenu atapima maji asubuhi? Kama yupo, yote mawili ni salama. Kama hayupo, hakuna hata moja. Na kama umeme wenu unayumba na hakuna wa kuangalia mashine, la kawaida linaloangaliwa vizuri ni bora kuliko la chumvi linaloaminiwa tu.

Vipimo vya kukumbuka, kwa yote mawili: klorini isipungue miligramu 1 kwa lita, au 2 kama bwawa limewekwa kinga-jua. pH iwe kati ya 7.0 na 7.8. Vikaratasi vya kupimia vinauzwa, unachovya, unalinganisha rangi. Ni kama kupima sukari, utazoea. Bwawa la nyumba ya kupanga? Una haki ya kuomba kuona daftari la vipimo. Kama hakuna daftari, umeshapata jibu.

SEHEMU YA 7 KATI YA 7: Mambo ambayo klorini haiwezi

Mwaka 1993, huko Milwaukee, Marekani, maji ya bomba yaliingiwa na kimelea kinaitwa kriptosporidiamu. Inakadiriwa watu kama 403,000 waliugua kuhara, na maji yalikuwa na klorini. Kimelea hiki kina ganda gumu, kinaweza kuishi zaidi ya siku saba kwenye bwawa lenye klorini sawasawa. La chumvi au la kawaida, kwake ni mamoja. Kwa hiyo:

Mtoto anayeharisha haingii bwawani. Kama ameambiwa ana kriptosporidiamu, asubiri wiki mbili baada ya kuhara kuisha.

Napi za kuogelea zinashika kinyesi kigumu kidogo tu. Hazizuii vijidudu. Mkumbuke yule mama wa Broad Street. Angalia napi kila saa moja, na umbadilishie mbali na bwawa.

Mfundishe mtoto kutomeza maji ya bwawa. Ukisikia maji ya chumvi hayana shida akimeza, kataa.

Sasa stoo. Usichanganye kamwe klorini na asidi, inatoa ile ile hewa ya Ypres, ndani ya chumba chako. Usichanganye unga wa klorini na vidonge vya aina nyingine hata kwenye kopo moja la kupimia, vinaweza kulipuka na kuwaka moto. Tia dawa kwenye maji, usimimine maji kwenye dawa. Usihamishie kwenye chupa ya soda, mtoto anaijua chupa ya soda kuliko wewe. Ikimwingia jichoni, mwoshe kwa maji safi yanayotiririka dakika 15 au zaidi, kisha hospitali. Akiinywa, usimtapishe, kimbia naye hospitali na chombo chake mkononi.

Na la mwisho nimeliacha makusudi, maana ndilo linaloua haraka kuliko vijidudu vyote. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu kama 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao ni watoto chini ya miaka mitano. Mtoto mdogo hazami kama kwenye sinema. Hapigi kelele, hapungi mkono. Anashuka kimya, kwa muda wa wewe kwenda kugeuza chapati.

Familia nyingi zinatumia miezi kubishana chumvi au klorini, na uzio hakuna. Jamani. Kabla ya mashine yoyote, weka uzio pande zote nne, usiopungua mita 1.2, usiopandika, wenye mlango unaojifunga wenyewe. Ukuta wa nyumba wenye mlango wa jikoni usiuhesabu kama upande wa uzio. Watoto wakiwa majini, mtu mzima mmoja kazi yake iwe kuwaangalia tu, simu pembeni, na mjue kwa jina ni nani. "Tupo wote hapa" maana yake hakuna anayeangalia.

Semmelweis hakuwa na dawa mpya wala mashine. Alikuwa na beseni, na sharti kwamba hakuna anayepita bila kunawa. Bwawa lako nalo linataka kitu kimoja cha kila siku na mtu wa kukifanya. Mpangie leo, kabla fundi hajaleta simenti.

Maswali yaacheni hapo chini, nikitoka zamu nitayajibu moja moja. Mtumie na mama mwenzio anayejenga.